Mwaka wa Ijumaa

Tulimzika Hamisi kijijini kwake Mwabungo, siku ya Jumatatu baada ya adhuhuri, na mimi sikubeba jeneza wala sikutia udongo, kwa kuwa magoti yangu hayaniruhusu tena kuinama nikainuka. Niliwekewa kiti cha plastiki kando ya ukuta wa msikiti, nikawatazama vijana wakifanya kazi ambayo zamani ningeona aibu kuitazama nimekaa. Siku ya tatu, baada ya hitima, binti yake Mwanaisha alinichukua uani, akanipa kikombe cha kahawa ya tangawizi na kitu kilichofungwa ndani ya kanga iliyopauka. Alisema babake aliagiza nipewe mimi, wala si mtu mwingine. Nilifungua pembe moja nikaona jalada gumu la rangi ya samawati na mwandiko wa Hamisi, herufi za duara zilizosimama wima kama wanafunzi kwenye foleni: Baraza la Jumanne. Nikaifunga tena kanga. Mwanaisha aliuliza kama ni kitu cha maana, nikamwambia ni daftari la kazini, na kwamba mimi na babake tuliwahi kuwa wanafunzi wa darasa moja, ingawa yeye alikuwa dresa na mimi nilikuwa daktari. Alicheka kidogo, maana alimjua babake.

Wiki mbili kabla ya hapo daktari mmoja kijana wa Diani alikuwa amenipigia simu mara mbili. Yeye na wenzake wanasomea utabibu wa wazee, na kila mwezi hukutana kuelezana wagonjwa waliowashinda. Walikuwa wamesikia kwamba mimi ni katika watu wa mwanzo kusomea kazi hiyo katika pwani hii, wakataka niende niwasimulie ilivyoanza. Nilimjibu kwamba nimechoka. Hakuniamini, alidhani ni adabu ya kizee. Lakini nilimwambia kweli. Kuna uchovu ambao usingizi hauupunguzi, na wangu una umri wa miaka mingi, tangu mwaka mmoja katikati ya miaka ya hamsini nilipokuwa kijana mwenye suruali nyeupe iliyopigwa pasi, nimetoka Kampala na cheti changu, nimepelekwa katika hospitali ndogo ya serikali upande wa kusini. Jina la hospitali sitalitaja. Wanaofanya kazi pale leo hawahusiki na tuliyoyafanya sisi.

Nianze na chumba cha mashuka, kwa sababu kila nikiufikiria mwaka ule pua yangu hufika pale kabla ya akili. Kilikuwa chumba chembamba nyuma ya wodi ya wanaume, na rafu mpaka darini, na mashuka yaliyokunjwa yakinuka sabuni ya mche na joto la pasi ya makaa. Katikati paliwekwa meza ya kupigia pasi, na kila Jumanne saa tisa alasiri tuliizunguka watu wanne. Daktari Pell alikaa upande wa dirisha. Alikuwa mwanamke wa Kiingereza wa miaka hamsini hivi, mrefu, mwenye viatu vizito vilivyosikika kabla yeye hajaonekana. Mkono wake wa kulia alikaa Odhiambo, daktari mwenzangu kutoka Nyanza, mtu wa kucheka na mwenye mikono mizuri ya upasuaji. Mimi nilikaa mkabala na Odhiambo. Mlangoni, juu ya kasha la sabuni, alikaa Hamisi, mtu mzima wa miaka arobaini, mwenye watoto sita na miaka kumi na minane ya kufunga vidonda. Odhiambo na mimi hatukupenda dresa akae katika baraza la madaktari. Tulilisema hilo kwa adabu, na Daktari Pell akajibu kwa adabu kwamba ndani ya chumba kile Hamisi peke yake ndiye aliyekwisha kumgeuza mzee kitandani mara elfu, na kwamba yeye ndiye atakayekuwa katibu. Hapo ndipo daftari la samawati lilipoanza.

Elimu aliyotuletea ilikuwa mpya hata huko kwao. Alikuwa amefanya kazi katika majumba ya maskini ambako wazee walilazwa miaka na miaka bila mtu kuuliza wanaumwa nini, na yeye na wenzake wachache waligundua kwamba wengi wao hawakuwa wagonjwa wa uzee, walikuwa wagonjwa wa kitanda. Kitanda, alitufundisha, hula miguu kwanza, kisha ngozi, kisha uwezo wa kuzuia haja, na mwisho hula hamu ya mtu ya kuishi. Basi kila asubuhi alipita wodini akisema neno moja la Kiswahili alilokuwa nalo, inuka, na haikupita wiki wafanyakazi wakawa wanamwita Bi Inuka. Hamisi ndiye aliyemwambia kwamba hapa kwetu mzee haambiwi inuka kabla ya kuamkiwa. Akajifunza shikamoo, na kwa vile alikuwa mtu wa haraka akayasema maneno yote mawili kwa pumzi moja. Mzee mmoja aliyeletwa kwa lori la mifugo kutoka Taru, nyonga imemkaza, alimtazama chini mpaka juu, akajibu, "Marahaba. Siinuki." Wodi nzima ilicheka, na yeye alipofasiriwa akacheka kuliko wote. Lakini baada ya wiki tano mzee yule alitoka kwa miguu yake, na bakora, mpaka kwenye lori lilelile. Nilisimama barazani nikamwangalia akipanda, nikajua kwamba hii ndiyo kazi ninayotaka kuifanya mpaka nife.

Daktari Pell aliweka desturi mbili. Ya kwanza ni kwamba kila mmoja wetu alete mgonjwa mmoja na kumweleza kwa mpangilio. Ya pili ndiyo iliyotutoa jasho: kila mmoja alete kosa moja alilolifanya wiki ile. Hakuna atakayeadhibiwa, alisema, na hakuna litakalotoka nje ya chumba. Hamisi aliandika jina, akaandika kosa, kisha akaacha mstari mmoja mtupu. Odhiambo alipomuuliza mstari ule ni wa nini, alisema ni wa mtu atakayekumbuka zaidi baadaye. Tulianza kwa hofu, lakini baada ya muda tukazoea, na mazoea yenyewe ndiyo yaliyotuharibu, kwa sababu tulijifunza kuleta makosa ya heshima. Odhiambo alileta mwandiko mbaya. Mimi nilileta kusahau kuandika joto la mwili la mgonjwa, au kuchelewa dakika kumi. Niliyaandaa jioni ya Jumatatu kama mtu anayechagua tai. Hamisi peke yake ndiye aliyekuwa akileta makosa ya kweli, kwamba amemwangusha mgonjwa bafuni, kwamba amemjibu vibaya mama wa watu, na sisi tuliosoma tulimhurumia, tukidhani hajaelewa jinsi mchezo unavyochezwa.

Baada ya baraza tulikula. Mke wa Hamisi alituletea mahamri na mbaazi za nazi ndani ya sufuria iliyofunikwa kwa jani la mgomba, na tulikulia palepale, mashuka yakitutazama. Odhiambo alilalamika kila wiki kwamba pwani hatujui chakula kisicho na nazi, kwamba siku moja tutaitia hata kwenye dawa ya kikohozi. Hamisi alimjibu kwamba Wajaluo walinyimwa mnazi kwa sababu Mungu alijua wataupanda wakakosa kushuka. Daktari Pell alikula mahamri kwa uma. Nimeketi katika mikutano mingi ya madaktari tangu wakati ule, katika kumbi zenye mazulia na maji ya chupa, na sijawahi kuwa na wenzangu kama nilivyokuwa nao pale. Hilo nalo ni kweli, na lazima nilitie hapa, kwa sababu yanayofuata yanaweza kumfanya msomaji adhani ninaukumbuka mwaka ule kwa chuki.

Tulikuwa na vitanda sita tu vya wazee wanaofundishwa kutembea tena. Waliobaki walilazwa katika banda la nyuma, nyumba ndefu ya udongo yenye paa la makuti, na huko hakuna aliyeambiwa inuka. Daktari Pell hakulipenda banda lile, lakini vitanda vilikuwa sita na mikono ilikuwa michache. Ilibidi kuchagua, na kipimo chake kilikuwa maswali kumi ya kujua kama akili ya mzee imo, maana mtu asiyeweza kufuata maagizo hawezi kufundishwa kutembea. Aliyepata majibu matano au zaidi alipewa kitanda wodini. Aliyepungukiwa alipelekwa nyuma. Maswali yalitoka Uingereza, nami nilipewa kazi ya kuyatia katika Kiswahili, kwa kuwa ni mtu wa huku huku, mzaliwa wa kusini kabisa kwa Wavumba. Niliyatafsiri kwa siku mbili. Niliona fahari kubwa. Nilibadilisha jina la mji, nikabadilisha pauni za Kiingereza zikawa shilingi, na zaidi ya hapo sikuona la kubadilisha.

Mwezi wa Julai, siku ya Jumamosi, aliletwa Bi Mwanakombo kutoka Wasini. Alikuwa ameteleza kisimani, paja limevimba, lakini mfupa ulikuwa mzima, kisha akashikwa na homa ya mapafu ambayo ilikuwa imeanza kumwachia. Alikuwa mwembamba, kichwa amekifunga ukaya mweusi, na macho yake yalikuwa makavu na ya kudadisi. Mpwa wake aliyemleta alisema kwamba kabla ya kuanguka alikuwa akilima shamba lake mwenyewe na kuzalisha wanawake wa kisiwa kizima. Alinisikia ninavyosema, akaniuliza mimi ni mwana wa nani. Nilipomtajia alifurahi, akasema alimshika mamangu mkono siku ya harusi yake, na kwamba sasa ametulia kwa kuwa yuko mikononi mwa mwanawe. Nikachukua karatasi yangu.

Nilimuuliza jina lake na siku ya leo, akajibu sawasawa. Pale alipo alipajua pia. Nilimuuliza ni mwaka gani. "Mwaka wa Alhamisi," alisema. Nilimuuliza ni mwezi gani. Alisema tumo katika mwongo wa mia tatu na arobaini, siku ya pili. Nilimuuliza nani anatawala nchi. Alifikiri, akauliza, "Kwenu au kwetu?" Nilimwambia popote. Alisema kwao hatawali mtu tena. Nilimwambia ahesabu kutoka ishirini kurudi nyuma mpaka moja, naye akanitazama kwa huruma akasema, "Mwanangu, nirudi nyuma nimeangusha nini?" Mwaka wa kuzaliwa alisema ni ule wa njaa. Nilitia alama kila penye kosa, kwa wino mwekundu, na nilipojumlisha alikuwa amepata matatu katika kumi. Jioni hiyo hiyo wabebaji walimpeleka banda la nyuma. Alidhani anahamishiwa penye upepo zaidi, akanishukuru.

Jumanne iliyofuata nilimweleza barazani. Nilisema ni mfano wa mgonjwa ambaye mwili wake unaweza kupona lakini akili imeshatangulia, na Daktari Pell akasema maelezo yangu yalikuwa safi kuliko yote aliyoyasikia mwaka ule. Wakati huo sote tulijua kwamba mmoja wetu atapelekwa Uingereza kwa miaka miwili kusomea kazi hii kikamilifu, na kwamba barua ya kumtaja itaandikwa mwisho wa Agosti. Odhiambo aliuliza swali moja tu. Aliuliza, yule mama akisema ni mwaka wa Alhamisi ana maana gani, kwa sababu mtu aliyechanganyikiwa kwa kawaida husema mwaka wa zamani, hasemi siku ya wiki. Nikajibu kwamba hiyo ndiyo dalili yenyewe. Mtu wa Nyanza aliuliza, na mimi mtoto wa pale pale nilijibu hivyo, na Hamisi, ambaye ni Mdigo wa Mwabungo na kwao hawahesabu namna hiyo, akaandika.

Baada ya mwezi na siku kidogo nilipewa likizo ya siku tano, nikaenda nyumbani. Sikuchagua siku zile, zilitokea tu. Nilikuwa sijarudi kwa miaka minane. Asubuhi ya Ijumaa niliamshwa na sauti ya mafiga yakiburutwa. Shangazi yangu alikuwa jikoni, amechota majivu yote ya zamani ndani ya kipande cha mtungi, anatoka kwenda kuyamwaga njia panda, na nje wanawake walikuwa wakiteremka pwani kuoga na kanga zao za kubadilisha begani. Ilikuwa siku ya mwaka. Nilikuwa nimeisahau kabisa, nikasimama mlangoni nikimtazama akiwasha moto mpya. Akanipa kipande cha muhogo na papa mkavu, akaketi, akasema kwa sauti ya mtu anayepumzika baada ya kazi, kwamba mwaka wa Alhamisi ulikuwa mgumu, umetoka na uende, na huu wa Ijumaa Mungu atie kheri. Kisha akaanza kumwambia jirani mwongo gani wapande na mwongo gani wasipande. Mwaka unaitwa kwa siku uliyoingilia, na siku zake zinahesabiwa kumi kumi mpaka utoke, kila kumi ni mwongo, wa kwanza ukiitwa wa kumi na wa pili wa ishirini. Nililijua hilo kabla sijajua kuvaa viatu. Shangazi aliniuliza kwa nini sili. Nilisema muhogo ni wa moto.

Ningeweza kurudi siku ile ile. Nimelifikiri hilo zaidi ya mambo yote. Kulikuwa na chombo cha kunifikisha Shimoni kabla ya adhuhuri, na kutoka hapo lori. Lakini nilibaki, nikala pilau, nikatembelea watu, na muda wote huo nilijiambia kwamba siku nne kwa mgonjwa aliyelala mwezi si kitu. Nilirudi Jumanne saa saba mchana. Sikwenda kubadilisha nguo, nilikwenda banda la nyuma moja kwa moja. Alikuwa amelala chali, magoti yamekunjwa kuelekea kifuani. Nilipojaribu kuyanyoosha hayakunyooka. Yalikuwa yamekaza kama mlango uliovimba kwa maji. Hamisi alikuwa upande wa pili wa kitanda, anasafisha kidonda cha mgongoni, na hakuinua kichwa. Bi Mwanakombo aliniuliza habari za nyumbani, kama watu waliteremka kuoga, kama ng'ombe alizungushwa mji. Nikajibu kila swali. Alitikisa kichwa kwa kuridhika, akasema basi mwaka umeingia vizuri.

Saa tisa tuliketi katika chumba cha mashuka. Nilikuwa nimejiandaa njiani kusema, nina hakika nilikuwa nimejiandaa, maneno yote yalikuwa tayari. Ilipofika zamu yangu Daktari Pell alinitazama kwa uso wake mwema uliochoka, na Odhiambo alikuwa akichezea kifuniko cha kalamu, nikasikia sauti yangu ikisema kwamba kosa langu la wiki hii ni kurudi likizo saa mbili baada ya muda niliopewa. Hamisi aliandika. Aliacha mstari mmoja mtupu.

Kesho yake nilimwendea Daktari Pell nikamwambia kwamba yule mama wa Wasini anaonekana akili imemrudia, na nikaomba apimwe tena. Alivaa viatu vyake vizito tukaenda. Hamisi alisimama na sinia la dawa. Niliuliza kwa Kiswahili, Bi Mwanakombo akajibu, nami nikamfasiria Daktari Pell kwa Kiingereza. Alisema mwaka wa Ijumaa, nikataja mwaka wa kizungu. Alisema mwongo wa kumi, siku ya sita, nikasema Agosti. Nilipomuuliza nani anatawala alisema nimwulize huyo mama aliyesimama, nikasema amemtaja malkia. Alipata kumi katika kumi. Daktari Pell alinishika bega, kitu ambacho hakuwahi kukifanya, akasema hajawahi kuona akili ikirudi kwa ukamilifu namna ile, na kwamba lazima niandike habari hii. Kisha akainama kuyaangalia magoti, uso wake ukabadilika, akatoka. Bi Mwanakombo alitutazama sote, mmoja mmoja, halafu akanitazama mimi peke yangu.

"Sasa mwanangu," alisema, "leo ndiyo nimepona?"

Hamisi alikusanya vyombo vyake. Nje, barazani, alinipita akasema kwa upole, "Umefasiri vizuri, Daktari." Miaka yote iliyofuata, mpaka juzi, hakulisema tena, na tulikula pamoja mara nyingi, na nilihudhuria harusi za watoto wake wanne.

Bi Mwanakombo alihamishiwa wodini. Tulimfanyia kila tulilojifunza, mafuta ya nazi ya moto, vipande vya mbao, mifuko ya mchanga ya kuvuta miguu, na yeye alijitahidi kuliko mgonjwa yeyote niliyewahi kumwona, akitoa sauti ndogo ya kuzuia kilio na kuomba radhi kwa sauti hiyo. Goti la kushoto lilifunguka kiasi cha vidole vitatu. La kulia halikufunguka. Mwishoni mwa Septemba mpwa wake alikuja na wenzake watatu, wakambeba kwa machela mpaka kwenye gari la hospitali, na kutoka garini mpaka chomboni, na nilisikia kwamba aliishi miaka minane zaidi akiwa ameketi juu ya kitanda cha kamba ukumbini, akielekeza wakunga wengine kwa maneno. Barua ya Uingereza ilikuwa na jina langu. Sababu iliyoandikwa ni uhodari wa kutambua akili iliyorudi kwa mgonjwa aliyekwisha kukatiwa tamaa. Odhiambo alinipa mkono, akanitania kwamba huko nitakosa nazi nitakonda, akarudi kwao kutumikia watu wake mpaka alipokufa. Mimi nilisoma, nikarudi, nikafundisha. Maswali niliyoyatumia kufundishia wengine niliyaandika upya kabisa, na wanafunzi wangu wananisifu kwa hilo mpaka leo, kwamba mimi ndiye niliyewafundisha kumuuliza mzee kwanza anahesabu vipi. Sikuwahi kuwaambia nililipata wapi.

Usiku wa hitima sikulifungua daftari. Nililifungua asubuhi, barazani kwangu, baada ya chai. Nilikuwa ninatafuta Jumanne moja, ile ya kurudi kwangu, lakini vidole vyangu si vyepesi, nikafungua kurasa mbili nyuma, penye Jumanne ya katikati ya ule mwezi wa Bi Mwanakombo. Daktari Pell alikuwa Mombasa siku hiyo, na mimi ndiye niliyeongoza baraza. Nilisoma: Kosa la Hamisi. Amemtoa kitandani bibi wa Wasini wa banda la nyuma, bila idhini, siku tatu mfululizo. Bibi amesimama mwenyewe kwa kushika viti viwili, na siku ya tatu amekwenda hatua sita. Dkt. amesema mgonjwa hana akili ya kufuata maagizo na akianguka Hamisi atawajibika. Hamisi ameambiwa asirudie.

Hatua sita. Nilikuwa nimelisahau hilo. Kwa miaka hii yote nimejua kwamba nilikosea karatasini, na kwamba nilinyamaza. Nilikuwa sijui, au nilikuwa nimejifanyia nisijue, kwamba katikati ya mwezi ule yule mama alikuwa tayari anatembea, na kwamba mtu alikuja mbele yangu na habari hiyo akaiita kosa lake ili nipate njia rahisi ya kusikia, na mimi nikamkemea na kumwamuru amrudishe kitandani. Chini ya maneno yale mstari ulikuwa mtupu. Hamisi hakuwa na la kuongeza.

Niliketi mpaka jua likafika miguuni. Kisha nikampigia simu yule daktari kijana wa Diani. Nikamwambia nitakuja kwenye mkutano wao, ila sitasimulia kazi ilivyoanza, nitaleta mgonjwa mmoja na kosa moja, kwa mpangilio. Alifurahi, akauliza kama nitahitaji kitu chochote. Nilimwambia kiti chenye mikono, niweze kuinuka.

Halafu nilifungua ule ukurasa mwingine, wa kurudi likizo kwa kuchelewa saa mbili, nikavaa miwani, nikatafuta kalamu inayoandika. Mstari wa Hamisi ulikuwa bado unangoja, umegeuka rangi ya chai. Niliandika kwa herufi ndogo ili zienee: Alijibu sawasawa yote, nami nilijua hesabu yake. Nilitaka kutia tarehe nikasita, kwa sababu tarehe ya kizungu ilikuwa tayari juu ya ukurasa. Nikaweka ile ambayo yeye angeijua. Mwaka wa Ijumaa, mwongo wa kumi, siku ya tano.